Mwendo wa Maji na Ukingo wa Mto

Mtu akifika Lopur, katika nchi ya Kakuma ambamo hupita mto Tarach, ataona kwamba siku za kiangazi laga ni njia pana ya mchanga mkavu. Mbuzi hupita humo, na akina mama huchimba visima mchangani wapate maji. Lakini mvua ikinyesha mbali milimani, hata kama hapo Lopur hakuna wingu, maji huweza kushuka kwa ghafula, yamejaa udongo. Baada ya saa chache yamekwisha kupita, na sehemu ya ukingo imekwenda nayo.

Nguvu hiyo yatoka wapi? Si katika wingi wa maji tu, bali katika mwendo wake. Kwa hesabu ya wataalamu, mwendo wa maji ukizidi mara 2, uzito wa jiwe kubwa kabisa linaloweza kusukumwa huweza kuzidi mara 64. Ndiyo sababu maji ambayo asubuhi hayakuweza kusogeza kokoto, jioni huviringisha mawe.

Mwaka 1935 mtaalamu wa Sweden, Filip Hjulström, alieleza jambo jingine. Mchanga laini ndio mwepesi kuliko vyote kuchukuliwa na maji. Changarawe ni nzito, nayo yataka mwendo mkubwa zaidi. Udongo wa mfinyanzi, ingawa chembe zake ni ndogo mno, hushikamana, wala haubanduki mpaka maji yakimbie sana. Lakini ukiisha kubanduka hautui upesi. Husafiri mbali hata katika maji yaendayo polepole.

Basi maji yanapopunguza mwendo hutua mzigo wake kwa zamu: kwanza mawe, kisha changarawe, halafu mchanga, na mwisho tope. Mchanga huo ndio unaohifadhi maji ya visima vya kiangazi. Nalo tope la mto Turkwel, unaopita Lodwar, limejenga nchi mpya pale mto unapoingia Ziwa Turkana. Sehemu yake siku hizi huzuiliwa nyuma ya bwawa la Turkwel, lililomalizika mwaka 1991.

Mtu hawezi kuzuia mvua, lakini aweza kupunguza mwendo wa maji. Majani na mistari ya mawe iliyopangwa kukingama mteremko huyachelewesha kabla hayajafika mtoni. Mizizi ya migunga, ambayo Waturkana huiita ewoi, hushika ukingo. Wazee walilijua jambo hili zamani. Kwa desturi ya ekwar kila jamaa ina sehemu yake ya miti ya mtoni, na mgeni hakati bila ruhusa.

Basi anayekata mti wa ukingoni apate gunia la makaa, auza na shamba lililo nyuma yake. Tena mtu asijaribu kuvuka laga inayokimbia, hata kama maji ni ya magotini. Nguvu ya mwendo haionekani mpaka imekwisha kumwangusha mtu.