Tuufungue Mkoba wa Nesi Mpya

Haya ni yenu, vijana mlioko Shinyanga mjini, Kahama na Geita, na ninyi mnaosoma jirani na machimbo kule Nyarugusu, Rwamgasa na Kakola.

Najua baadhi yenu mnataka kuwa wauguzi. Nikiuliza sababu, wengi hutaja gauni jeupe, ajira, na heshima ya kuitwa sista. Na nyie wavulana msicheke, kazi hii ni yenu pia. Lakini leo gauni tuliache. Tuufungue mkoba wa nesi anayeanza kazi hospitali kesho asubuhi, tutoe kitu kimoja kimoja, na kila kimoja tukiulize: wewe unamlinda nani? Kisichomlinda mgonjwa wala nesi mwenyewe kibaki nyumbani.

Saa yenye mshale wa sekunde

Hiki ndicho kitu cha kwanza, na si lazima kiwe cha bei mbaya. Mtoto wa miezi sita ameletwa anakohoa. Nesi anahesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari. Huenda ni nimonia. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Usipokuwa na saa, utakisia, na mtoto hatibiwi kwa kukisia.

Dripu nayo inataka saa. Daktari ameandika lita moja kwa saa 8. Kama mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa kila mililita, hayo ni matone 20,000 kwa dakika 480, yaani kama 42 kwa dakika. Kumbe ile hisabati ya darasani ina kazi wodini! Saa yenyewe ibandike kifuani, siyo mkononi, ili unawe mikono vizuri mpaka kwenye viwiko. Eti utatumia simu? Simu inashikwa na mikono iliyotoka kugusa damu na usaha, kisha unaiweka shavuni. Halafu usithubutu kumpiga mgonjwa picha.

Kalamu mbili na daftari dogo

Mbili, maana moja itaazimwa na haitarudi. Ukipima presha, andika hapo hapo. Ukisema utakumbuka baadaye, wagonjwa wako ishirini watachanganyika kichwani, na anayepokea zamu yako ataamini ulichoandika.

Kwetu huku, katika maelezo ya mgonjwa usisahau swali hili: "Unafanya kazi gani?" Mtu anayekohoa kwa miezi anaweza kuwa amefanya kazi kwenye duara au kwenye karasha, akivuta vumbi la mawe. Vumbi hilo huharibu mapafu, na aliyeharibika mapafu hivyo hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mwingine mikono inatetemeka na usingizi haupati, kumbe anachoma zebaki jikoni akichenjua dhahabu, na watoto wake wanavuta moshi ule ule. Usipouliza, atapewa dawa ya kikohozi na kurudi kule kule. Na anayekohoa sana apate barakoa, madirisha yafunguliwe, na wewe uvae barakoa maalumu ya kukinga kifua kikuu.

Viatu vya kufunika vidole

Nesi anasimama na kutembea zamu nzima. Viatu viwe vya chini, visiteleze, vinavyofutika kwa maji na dawa. Kandambili na viatu vya wazi, hapana. Mkasi au sindano ikidondoka haichagui pa kuangukia. Pale sokoni utapata vizuri tu. Kinachotakiwa ni kinga, siyo fasheni.

Tochi ndogo

Umeme unaweza kukatika mama akiwa katikati ya kujifungua. Mwanga pia unatumika kuangalia mboni za macho za aliyeumia kichwani, na kupita kitanda hadi kitanda usiku bila kuwaamsha wote. Florence Nightingale, Mwingereza aliyekwenda kuuguza askari wakati wa vita ya Crimea mwaka 1854, anakumbukwa mpaka leo kwa taa yake ya usiku. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani. Wewe ubebe betri za akiba.

Vitu ambavyo havimo mkobani

Sasa jamani, hapa nisikilizeni vizuri. Vitu vinavyokulinda zaidi kuliko vyote huvinunui wewe. Ni glovu, sabuni na maji, na lile boksi gumu la kutupia sindano zilizotumika. Hivyo ni wajibu wa hospitali. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujamgusa mgonjwa, muulize kiongozi wa wodi maswali matatu. Glovu zinakaa wapi? Boksi la sindano liko wapi? Nikichomwa na sindano usiku, nimwone nani? Kuuliza hivyo si ukorofi. Ni kujua kazi.

Glovu ni za mgonjwa mmoja, kisha unazitupa na kunawa mikono. Sindano iliyotumika usiifunike tena na kifuniko chake. Itupe moja kwa moja kwenye boksi. Na kabla hujaanza kazi, hakikisha umemaliza dozi tatu za chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Ikitokea umechomwa, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usipake dawa kali ya madoa. Toa taarifa saa hiyo hiyo. Wakichomwa watu 1,000 kwa sindano zenye damu yenye virusi vya UKIMWI, na wasipate dawa, kama 3 huambukizwa. Ni wachache, lakini huwezi kujua kama wewe ni mmoja wao. Zipo dawa za kuzuia maambukizi. Zinaanzwa mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na zinamezwa siku 28. Dawa hizo hupewa pia aliyebakwa, ndani ya muda huo huo. Mfahamisheni na rafiki yenu.

Wapo wanaochomwa na kunyamaza. Wanaogopa kuitwa wazembe, au wanaogopa kupimwa. Anajisemea, "Nitasema kesho." Kesho inakuwa keshokutwa, saa 72 zimekwisha. Aibu ya dakika tano isikuuzie ugonjwa wa maisha. Usinyamaze.

Na kingine hakiuzwi dukani: lugha. Bibi kutoka kijijini hajui Kiswahili sana; ukimwambia "mwangaluka" asubuhi au "mwadila" jioni, uso unafunguka. Lakini kusalimia hakutoshi. Mke kijana ana ugonjwa wa siri, na mkalimani ni mama mkwe wake. Unadhani atasema ukweli? Mtafute muuguzi mwenzako anayejua Kisukuma, ndugu wasubiri nje.

Anzeni sasa

Huhitaji kusubiri chuo. Usikimbie Baiolojia, Kemia na Fizikia. Ujue pia kwamba cheti cha chuo peke yake hakikuruhusu kuuguza; ni lazima usajiliwe na upewe leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Nakala za vyeti hivyo zitunze vizuri.

Na jioni ya leo azima saa, mkalishe mdogo wako atulie, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Andika namba hiyo kwenye daftari, na saa uliyohesabu. Kazi ya nesi huanza namna hiyo hiyo.

Sasa nani ana swali?