Tusipopanga, Watoto Wetu Watapanga

Hotuba ya Katibu mbele ya wajumbe wa Mkutano Mkuu, Karatu, katika sherehe za miaka kumi ya Chama Kikuu chetu



Nimepewa heshima ya kusema machache katika siku hii ya furaha. Waliotangulia wamekwisha eleza habari za mazao, mizani, maghala na madeni, nami sitazirudia. Mwenyekiti ameniagiza nizungumzie jambo lisiloonekana katika hesabu zetu za mwaka, ingawa lazungumzwa katika kila nyumba: makao ya watu mjini. Huenda mjumbe akauliza, “Sisi wakulima wa mbaazi, vitunguu na kahawa, makao ya mjini yatuhusu nini?” Naomba mnivumilie. Yatuhusu sana, kwa sababu mji wa Karatu unajengwa juu ya mashamba yetu wenyewe.

Wazee wetu Wairaqw, walipokuwa bado katika nchi yao ya milimani huko Mbulu, walijua kujenga nyumba za kuchimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake likiwa la udongo, hata adui akipita juu asitambue kwamba chini yake wamelala watu na ng’ombe. Nyumba ile haikuwa kazi ya mtu mmoja. Majirani walikuja na majembe yao, mwenye nyumba akatoa pombe na chakula, na nyumba ikasimama. Kijana aliyetaka kuoa hakutafuta chumba cha kupanga. Alitafuta majirani.

Leo dunia imegeuka. Dar es Salaam, ambayo katika Sensa ya 1967 haikufikia watu 300,000, katika Sensa ya 2022 ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 5,300,000. Lagos, Kinshasa na Nairobi zimekua vivyo hivyo. Hakuna serikali katika nchi zetu iliyoweza kujenga nyumba kwa mwendo ule ule ambao watu huja mjini; kwa hiyo wengi wamejijengea wenyewe pasipo ramani, na wengi zaidi wamekuwa wapangaji wao. Wilaya yetu ya Karatu nayo ilikuwa na watu wapatao 230,000 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye walikuwa wapatao 280,000.

Sababu za mji wetu kukua zafahamika. Tangu barabara ya lami kutoka Makuyuni ilipofika lango la Ngorongoro, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila gari la watalii lipandalo Kreta hupita mbele yetu. Ndani ya Hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1959, hapana mtu awezaye kununua kiwanja. Basi mpishi wa hoteli iliyo ukingoni mwa Kreta, dereva, mwongoza watalii na mfua nguo, wote kazi yao iko juu, lakini mke na watoto wako Karatu, katika chumba cha kupanga.

Nikiwa nimelitaja jina la Ngorongoro, siwezi kupita kimya. Tangu Juni 2022 baadhi ya wakazi wa Hifadhi wamehamia Msomera, wilayani Handeni, ambako Serikali iliwajengea nyumba. Wako pia waliokataa kuondoka, nao wana hoja zao. Sikusimama hapa kuamua shauri hilo. Nalitaja kwa kuwa latufundisha kwamba nyumba si kuta na bati tu. Ni ardhi iliyo chini yake, maji na malisho yaliyo karibu nayo, na neno la yule atakayelala ndani yake. Hilo ndilo nitakalo tulishike tunapozungumza habari za mji wetu.

Ndugu wajumbe, sasa nitajitolea ushahidi mimi mwenyewe. Mwaka 2009 mvua zilikosekana kaskazini yote ya nchi yetu, na mahindi ya nyumbani kwetu yalikauka yakiwa urefu wa magoti. Marehemu baba yangu alikata nusu eka kando ya barabara akaiuza. Hati ya mauzo niliiandika mimi, maana nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ulisifiwa. Fedha zile zilinunua mahindi, zikalipa ada ya mdogo wangu. Simlaumu baba, njaa haina subira. Lakini hati ile, pamoja na mwandiko wake mzuri, haikutaja njia ya kupita, haikutaja mahali pa bomba la maji, wala haikusema mtoto gani atabaki wapi. Mwaka uliofuata tukauza kipande kingine, kisha kingine.

Leo mahali pale pana nyumba ya wageni ya ghorofa moja. Nami katibu wenu nimepanga vyumba viwili, hatua kama mia tatu kutoka hapo, na kila miezi sita nampelekea mwenye nyumba kodi yake. Mwanangu aliniuliza kwa nini babu alikuwa na shamba hapa, nasi hatuna hata tuta la kupandia mchicha. Sikuwa na jibu la kumpa. Najua kwamba si mimi peke yangu katika ukumbi huu.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Ndivyo tunavyoimaliza ardhi ya kando ya mji. Kila mmoja huuza kipande chake siku ya shida, kwa bei ya shida, kwa mtu asiye na shida. Vipande visivyopimwa hukaa ovyo. Gari la wagonjwa halipiti. Bomba halipati njia, na mwenye nyumba hununua maji ya gari kwa bei kubwa kuliko aliye karibu na bomba. Benki humwomba hati, naye hana. Baadaye wapima ardhi wakija kurasimisha makazi, ukuta uliojengwa kwa jasho hubomolewa ili kupata barabara. Gharama hizo zote mwishowe humwangukia mpangaji katika kodi yake. Kwa hiyo, tunaposema kwamba nyumba ni ghali, tusiitazame saruji na bati peke yake. Sehemu kubwa ya ughali huo tuliupanda wenyewe siku tulipouza bila kupanga.

Nchi yetu haikulala juu ya jambo hili. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Benki ya Nyumba ilianza mwaka 1973, ikafa mwaka 1995. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja vya watu wa kipato kidogo huko Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikapeleka barabara na maji, na kila mtu akaachiwa ajenge kwa kadiri ya nguvu zake. Shauri lile lilikuwa jema, kwani mtu maskini hujenga kwa miaka: leo msingi, mwakani kuta, mwaka wa tatu bati. Lakini viwanja vingi viliangukia mikononi mwa wenye uwezo, na leo mtu wa kipato kidogo hawezi hata kuuliza bei ya kiwanja Sinza. Fundisho lake ni kwamba kupima viwanja ni lazima, lakini hakutoshi. Kiwanja kilicho mkononi mwa maskini aliye peke yake hakikai sana.

Je, akiwa pamoja na wenzake? Hapa ndipo ushirika unapoingia. Wakazi wa Kurasini, Dar es Salaam, walipoondolewa kupisha upanuzi wa bandari, wenye nyumba walilipwa fidia, lakini wapangaji hawakuwa na cha kulipwa. Wakazi wale, wapangaji wakiwamo, waliunganisha akiba zao ndogo ndogo, wakaunda chama cha ushirika wa nyumba kiitwacho Muungano, wakanunua eka 30 huko Chamazi, wakafyatua matofali yao wenyewe na kuanza kujenga. Huko Uruguay, Amerika ya Kusini, sheria ya nyumba ya mwaka 1968 iliviwezesha vyama vya ushirika kupata mkopo wa ujenzi, na kila jamaa hutoa saa 21 za kazi kwa juma mpaka nyumba zote zimalizike. Wengi wa vyama hivyo hawagawi nyumba ziuzwe ovyo. Nyumba ni mali ya chama. Mwanachama ana haki ya kukaa na kuwarithisha watoto wake, na akitaka kuondoka, chama humrudishia hisa zake. Kwa njia hiyo, tajiri hapati mlango wa kuingilia.

Wala jambo hili si geni katika ushirika. Wale mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, ambao mwaka 1844 walianzisha duka tunalolisoma katika kila semina, waliandika katika kanuni yao ya kwanza kwamba, pamoja na duka, watajenga au kununua nyumba za wanachama wao. Sisi tulichukua duka na ghala, tukasahau nyumba.

Basi nina mambo manne ya kuwaomba.

La kwanza: asiwepo mwanachama atakayeuza ardhi ya kando ya mji kabla ya kuja katika chama chake cha msingi. Hatutamzuia, kwani mali ni yake. Lakini akija na shida ya ada au ya ugonjwa, huenda chama cha akiba na mikopo kikamkopesha, na shamba likabaki. Na akiuza, auze kwa kufuata sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, yataka Halmashauri ya Kijiji ijue na ikubali. Mauzo ya gizani huzaa kesi.

La pili: tupime kabla ya kuuza. Majirani kumi wenye mashamba yanayopakana, wakikubaliana kuacha njia, mahali pa maji na uwanja wa watoto, watapoteza sehemu ya ardhi, lakini iliyobaki itakuwa na thamani kubwa zaidi, na kila mmoja ataweza kumwekea mwanawe kiwanja chenye hati. Mpimaji mmoja kwa watu kumi ni nafuu kuliko wapimaji kumi. Na hati hizo ziandikwe majina ya mume na mke. Nimeona wajane wakitolewa katika nyumba ambazo matofali yake waliyabeba kichwani.

La tatu: tuunde chama cha ushirika wa nyumba, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavyoturuhusu, nacho kiwe mbali na fedha za mazao. Nasema tena, mbali. Fedha ya kitunguu cha mkulima wa Mang’ola haitaguswa kujenga nyumba ya mtu wa mjini. Watakaoingia ni watoto wetu, wapishi, madereva, walimu, mafundi, wote walio wapangaji leo. Waweke akiba yao kila mwezi, nao wakulima wenye ardhi waingize ardhi hiyo iwe hisa. Hivyo mwenye shamba hatakuwa muuzaji wa siku moja. Atakuwa mshirika wa daima.

La nne ni la matofali. Tumezoea matofali ya kuchoma, na udongo wetu mwekundu ni mwema kwa kazi hiyo. Lakini kila tanuri hula miti mingi, na msitu ulio juu yetu katika nyanda za Ngorongoro ndio unaotupa chemchemi. Yako matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, yasiyohitaji moto wala lipu nyingi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora umeyafundisha kwa miaka mingi. Mashine moja yaweza kuzunguka katika vyama vya msingi vyote.

Najua swali linalosubiri: fedha zitatoka wapi? Sitawadanganya katika siku ya sherehe. Chama Kikuu hakina fedha za kujenga nyumba hata kumi, na mtu atakayekuja kuwaahidi nyumba kwa ada ya kujiandikisha, mwombeni cheti chake cha usajili kwanza. Tulicho nacho ni ardhi iliyosalia, uzoefu wa miaka kumi wa kuweka hesabu zinazokaguliwa, na tabia ya kuaminiana. Miaka kumi iliyopita hatukuwa na ghala pia. Tulianza na turubai.

Bwana Mwenyekiti, lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja lenye maana mbili. Kupanga ni kuweka mambo mahali pake kabla hayajaharibika. Kupanga tena ni kukaa katika nyumba ya mtu mwingine kwa kodi. Wazazi wakikataa kupanga kwa maana ya kwanza, watoto watapanga kwa maana ya pili. Mimi ni ushahidi wa hayo, na hati niliyoiandika kwa mkono wangu ingaliko.

Naomba mkutano huu uwateue watu watano, wanawake wakiwamo, waende vijijini kuanzia Rhotia hadi Endabash, waandike ni eka ngapi za wanachama zilizobaki kando ya barabara na mji, na ni wenye mashamba wangapi walio tayari kupima pamoja. Ripoti yao isomwe katika mkutano ujao. Tutakapokutana katika mwaka wa ishirini wa Chama hiki, Mungu akitujalia, natumaini katibu wa wakati huo, awe mimi au mwingine, atawakaribisha wageni nyumbani kwake, wala asiwe na haja ya kumwomba mwenye nyumba ruhusa.