Kicheko Mbele ya Hakimu

Wewe utakayeyasoma maneno haya katika karatasi, nakuomba uyasome pole pole, tena ikiwezekana pamoja na wenzako, kwa maana mwishoni nitakuachia maswali ya kuzungumza.

Leo tutauangalia mchezo wa namna moja upendwao sana katika televisheni. Ni mchezo wa kuigiza wenye mambo ya korti: mawakili, mashahidi, mahakimu na washtakiwa. Lakini si mchezo wa huzuni tupu, wala si kichekesho kitupu. Mtazamaji hucheka, kisha baada ya dakika mbili hunyamaza kimya, kwa sababu mtu fulani yu karibu kufungwa. Korti ni mahali pa hofu. Hakuna apokeaye samansi akafurahi. Basi kicheko kimeingiaje humo, na kwa nini watu wakipende?

Kwanza ujue kwamba jambo hili si geni. Mwaka 422 kabla ya Kristo, katika mji wa Athens huko Ugiriki, mtungaji Aristophanes alionyesha mchezo uitwao Nyigu. Katika mji ule kesi ziliamuliwa na raia wengi waliokaa pamoja, nao walilipwa ujira mdogo wa siku. Aristophanes alimwonyesha mzee mmoja aliyependa kuhukumu kupita kiasi, hata mwanawe akamfungia nyumbani. Ili kumridhisha mzee, mwana akamfanyia korti humo humo nyumbani. Mshtakiwa alikuwa mbwa, na kosa lake kuiba jibini. Chombo cha jikoni kikaitwa kutoa ushahidi, na watoto wa mbwa wakaletwa walie ili mzee aone huruma, kama walivyofanya washtakiwa wa kweli wa mji ule. Watu walicheka, lakini waliokuwa wakichekwa ni wao wenyewe.

Tena wengi wenu mmesoma Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutia katika Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1969. Huo nao huhesabiwa miongoni mwa michezo ya kuchekesha. Lakini katikati yake yuko mtu aliyefunua kifua chake kortini, akingoja kukatwa ratili ya nyama, na anayemwokoa ni mwanamke aliyevaa mavazi ya mwanasheria. Kicheko na kisu vimekaa katika chumba kimoja.

Sasa tuje katika televisheni. Mfano wetu mkubwa ni mchezo wa Uingereza uitwao Rumpole of the Bailey. Ulionyeshwa kwanza mwaka 1975 kama mchezo mmoja tu, kisha ukawa mfululizo kutoka mwaka 1978 mpaka 1992. Bailey ni korti kubwa ya jinai mjini London. Mtungaji, John Mortimer, hakuwa mtu wa kubahatisha mambo ya sheria. Alianza kazi ya uwakili mwaka 1948, na baba yake pia alikuwa wakili, ambaye alipofuka macho asiache kazi yake.

Rumpole, aliyeigizwa na Leo McKern, ni wakili mzee, mnene, mwenye nguo zenye majivu ya sigara na wigi lililochakaa. Wenzake walio wadogo kwake wamepanda cheo, yeye amebaki pale pale. Nyumbani anamwogopa mkewe, Hilda, na amempa jina la utani lenye maana kwamba amri yake haina budi kutiiwa. Hapo twacheka. Lakini mtu huyo huyo akisimama kortini haogopi. Desturi yake ni kutetea, si kushtaki. Wateja wake aghalabu ni watu wa ukoo wa Timson, wezi wadogo wadogo wa kusini mwa London, ambao kwao wizi ni kazi ya kurithi. Katika mchezo wa kwanza wa mfululizo ule, kijana wao wa miaka 16 anashtakiwa kwa unyang'anyi. Ni rahisi kusema, "Mtoto wa mwizi ni mwizi, afungwe!" Rumpole hasemi hivyo. Yeye huuliza: Ushahidi uko wapi?

Hapo ndipo tunapoona sababu ya kwanza ya watu kuipenda michezo hii. Twapenda kumwona mnyonge akipata mtu wa kumsemea. Wazee wetu walisema, "Mnyonge hana haki," na hapana shaka waliyaona hayo kwa macho yao. Lakini walisema pia, "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni." Rumpole anasimama juu ya methali hiyo ya pili. Na kwa kuwa yeye mwenyewe si mkubwa, twamwamini.

Sababu ya pili ni kwamba kicheko hupunguza ukubwa wa wakubwa. Yuko hakimu mmoja katika mchezo ule, Bullingham, ambaye Rumpole amempa jina la fahali mwenye wazimu. Hakimu huyu huwa ameshamwona mshtakiwa kuwa na hatia kabla shahidi wa kwanza hajafungua kinywa. Katika korti ya kweli wewe huwezi kumcheka hakimu, nawe ukijaribu utajua. Lakini mbele ya televisheni waweza kucheka, na katika kucheka kwako unajifunza kwamba joho si mtu. Ndani ya joho yumo binadamu mwenye njaa, hasira na upendeleo. Basi ndiyo maana sheria imemwekea hakimu mipaka, na ndiyo maana kuna rufani.

Sababu ya tatu ni kwamba kesi ya televisheni ina mwisho. Ugomvi wa shamba au wa mirathi waweza kudumu miaka, watoto wakaurithi kwa baba zao. Katika mchezo, ugomvi huingia, mashahidi husema, hukumu hutolewa, na yote hayo kwa muda wa saa moja. Moyo wa mtu hupenda kuona jambo likikatwa.

Sababu ya nne ni kwamba kicheko hufungua mlango wa mambo mazito. Hapa tutazame Marekani. David E. Kelley alikuwa wakili katika mji wa Boston kabla ya kuwa mtungaji wa michezo. Kutoka mwaka 1997 mpaka 2002 alionyesha mchezo uitwao Ally McBeal, habari za wakili msichana ambaye mawazo yake yaonekana wazi kwa mtazamaji. Akiwaza kwamba umri unakwenda naye hana mtoto, basi mtoto mchanga hutokea mbele yake akicheza ngoma! Mwaka 1999 mchezo huo ulipata tuzo ya Emmy ya mchezo bora wa kuchekesha. Na mwaka huo huo Kelley alipata tuzo ya mchezo bora usio wa kuchekesha, kwa The Practice, ambao nao ni wa mawakili wa Boston. Mtu mmoja, kazi moja ya sheria, na tuzo mbili: moja ya kicheko, moja ya huzuni. Waona jinsi vitu hivi viwili vilivyo jirani.

Baadaye, kutoka mwaka 2004 mpaka 2008, akaleta Boston Legal. Humo mna wakili mkongwe, Denny Crane, aliyeigizwa na William Shatner. Mtu huyu hujisifu kwamba hajashindwa kesi hata moja, na hulitaja jina lake mwenyewe kana kwamba ni dawa. Twamcheka kwa majivuno yake. Kisha pole pole twatambua kwamba jina lile analitaja pia kwa hofu, maana ugonjwa wa kusahau umeanza kumshika. Karibu kila mwisho wa mchezo yeye na rafiki yake, Alan Shore, huketi nje ghorofani usiku, wakinywa na kuvuta sigara, wakizungumza habari za siku ile. Katika mchezo wa mwisho, Shore anakwenda katika Mahakama Kuu Kabisa ya nchi yao kumwombea rafiki yake ruhusa ya kutumia dawa ambayo bado haijathibitishwa. Kama tungeambiwa tangu mwanzo, "Kaeni, tuwaeleze uzee na usahaulifu," wengi wetu tungeondoka. Tulikuja kucheka, tukakuta tunafundishwa.

Lakini ndugu msikilizaji, yafaa nikuonye. Sukari ni tamu, nayo si chakula cha kutosha. Mchezo wa televisheni hukuonyesha hotuba tamu ya wakili, kisha juri, yaani raia 12, wanatoa uamuzi. Kwa kweli mambo hayawi hivyo mara nyingi. Huko Uingereza zaidi ya kesi 90 za jinai katika kila 100 huishia katika korti za mahakimu wa chini, pasipo juri. Katika korti za serikali kuu ya Marekani, mwaka 2018, washtakiwa 90 hivi katika kila 100 walikiri kosa, na wapatao 2 tu ndio waliofika mbele ya kesi kamili. Na kwetu Tanzania na Kenya hakuna juri. Hakimu au jaji ndiye aamuaye. Basi mtu akienda kortini akitumaini maneno matamu ya dakika ya mwisho, huku hana stakabadhi, hana shahidi, wala hajui tarehe ya kesi yake, atapotea. Kesi nyingi hushindwa si kwa ulimi, bali kwa karatasi iliyoachwa nyumbani.

Hata hivyo liko jambo moja katika michezo hii ambalo ni kweli tupu, nalo nataka ulishike. Rumpole hupenda kuwakumbusha juri habari ya uzi wa dhahabu. Maneno hayo yalitoka katika kesi halisi. Kijana mmoja wa shamba huko Uingereza, Woolmington, alishtakiwa kwa kumwua mkewe kwa bunduki. Yeye alisema bunduki ililia kwa bahati mbaya. Jaji akaiambia juri kwamba ni juu ya kijana mwenyewe kuthibitisha hivyo, na kijana akahukumiwa kunyongwa. Kesi ikapanda mpaka kwa mabwana wakubwa wa sheria, na mwaka 1935 Bwana Sankey akatamka kwamba katika sheria yote ya jinai ya Kiingereza umo uzi mmoja wa dhahabu, nao ni huu: anayeshtaki ndiye mwenye kuthibitisha. Kijana akaachiliwa.

Uzi huo umefika hata kwetu. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania na ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 zasema kwamba mshtakiwa asihesabiwe kuwa ana hatia mpaka ithibitike. Si kwa ajili ya watu wema tu. Ni kwa ajili ya mtoto wa ukoo wa Timson pia, yule ambaye mtaa mzima umeshamhukumu. Tunaposikia kelele za "Mwizi! Mwizi!" na watu wameshika mawe, hapo hakuna wakili, hakuna hakimu, wala hakuna swali la ushahidi. Laiti kila aliyeshika jiwe angekuwa amecheka na Rumpole usiku wa jana, pengine mkono wake ungesita kidogo. Na kusita kidogo ndiko mwanzo wa haki.

Basi cheka, wala usione haya. Lakini kicheko kikiisha, jiulize ni nani aliyeokolewa, na kwa kanuni gani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini Rumpole anamtetea kijana ambaye ukoo wake wote ni wezi? Je, wewe ungemtetea?

2. Ni mambo gani matatu ambayo mtu inampasa kuwa nayo tayari kabla ya kwenda kortini?

3. Mtu ameshikwa sokoni na watu wanapiga kelele. Mwenye kushtaki ni nani, na ushahidi wake uko wapi? Wewe uliye karibu utafanya nini?

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.