MCHORAJI ALIYEWATANGULIA WABOMOAJI



Mtu akitaka kujua jinsi mji wa London ulivyokuwa miaka mia mbili iliyopita, hana budi kuzitazama picha za Bwana John Thomas Smith, aliyezaliwa mwaka 1766 na kufariki mwaka 1833. Bwana huyu alikuwa mchoraji, na tena mpenzi mkubwa wa mambo ya kale.

Habari yake iliyo mashuhuri ni ya mwaka 1800. Mwaka ule ilipitishwa sheria ya kuiunganisha Ireland na Uingereza, na wajumbe 100 wa Ireland walitazamiwa kuingia katika Bunge. Ukumbi wa Bunge zamani ulikuwa kanisa la Mtakatifu Stefano, nao haukutosha. Kwa hiyo mafundi waliamriwa kuzipunguza kuta unene. Walipobandua mbao zilizofunika kuta hizo, zikaonekana picha za rangi na dhahabu, kazi ya karne ya 14, ambazo watu walikuwa wamekwisha zisahau. Hata hivyo kazi haikusimamishwa. Bwana Smith aliomba ruhusa, akawa akifika alfajiri kabla ya mafundi ili azinakili. Mara nyingi picha aliyoinakili asubuhi ilivunjwa siku ile ile! Kitabu chake kilitoka mwaka 1807. Mwaka 1834 moto uliteketeza jengo lenyewe, na katika picha zile vimesalia vipande vichache tu.

Lakini hakuchora kuta peke yake. Mwaka 1817 alitoa kitabu cha picha za maskini waombao barabarani, maana Bunge lilikuwa limekwisha chunguza habari zao, naye aliona ya kuwa huenda wakaondolewa mjini. Mmoja wao ni Joseph Johnson, mtu mweusi, baharia wa zamani. Johnson aliumia hata asiweze kazi tena, na kwa kuwa alitumika katika merikebu za biashara, wala si katika manowari, hakupata msaada wa mabaharia wa Serikali. Basi akaunda mfano wa merikebu, akaufunga juu ya kofia yake. Alipoimba aliinama na kuinuka, na waliokuwa ndani ya nyumba waliona dirishani merikebu ikienda juu ya mawimbi.

Yote hayo Bwana Smith aliyaandika pamoja na picha: jina la mtu huyu, kazi aliyoifanya baharini, na sababu ya kunyimwa msaada.