Pima mlima kabla ya kupima trekta

Juma hili nataka tuzungumze juu ya trekta. Najua wapo watakaocheka na kusema, huyu mtangazaji anakaa Mabibo, mahali ambapo nyumba zimebanana hadi mkokoteni wa maji hupita kwa kupiga hodi. Trekta la nini? Subirini kidogo. Mabibo yenyewe ni jina la matunda ya mkorosho, na ingawa mikorosho imetuhama zamani, wenyeji wengi wa mitaa yetu mguu mmoja uko mjini na mwingine uko shamba. Anayeuza duka hapa ana ekari tano Mkuranga. Anayeendesha daladala ana miembe yake Bagamoyo. Na mzee mmoja jirani yangu, ambaye leo ndiye sababu ya mazungumzo haya, ana ekari kumi na mbili nje kidogo ya njia ya Maneromango, wilayani Kisarawe.

Mzee huyu alistaafu na kupata kiinua mgongo chake. Jioni moja akanijia barazani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, akasema: "Mwanangu, wewe unazungumza na wakubwa kila siku. Nisaidie kuchagua trekta. Si la kulima. La kufyeka tu."

Shamba lake lina mikorosho ya zamani, miembe kiasi, na mitiki aliyoipanda kama akiba ya wajukuu. Kila mwaka nyasi humshinda. Na kwa mwenye mikorosho, nyasi si suala la urembo wa shamba. Korosho huanguka na kuokotwa chini. Zikiangukia katika nyasi ndefu, sehemu ya mavuno hubaki hukohuko. Kiangazi kikikaza, nyasi hizo hizo ndizo zinazobeba moto kutoka kwa jirani hadi kwako. Vibarua wa kufyeka wamekuwa adimu, maana vijana wa vijijini nao wako huku kwetu wakiendesha bodaboda.

Nami, ndugu wasikilizaji, nikajibu haraka kama tujibuvyo sisi wa redio. Nikamwambia: "Mzee, chukua lenye nguvu. Trekta la nguvu za farasi hamsini litamaliza kazi asubuhi moja." Mzee akafurahi, tukaagana. Nikalala usingizi mzuri, nikidhani nimetoa ushauri. Kumbe nilikuwa nimesema neno ambalo lingeweza kuua mtu.

Jumamosi iliyofuata tulizunguka mjini kutazama mashine. Tuliona trekta jipya la nguvu za farasi hamsini, limenyanyuka, linang'aa. Tuliona pawatila, lile trekta la magurudumu mawili ambalo mwendeshaji hulifuata kwa nyuma ameshika mikono yake miwili. Wengi wenu mnalikumbuka tangu mbio za Kilimo Kwanza zilizoanza mwaka 2009. Tena tuliona matrekta madogo ya Kijapani yaliyokwisha kutumika kwao, ya nguvu za farasi kati ya kumi na nane na ishirini na tano, maandishi yake yote ya Kijapani. Ukitaka kujua kitufe kipi cha taa na kipi cha kuinua zana, ni kubahatisha. Mzee alipanda la farasi hamsini, akashika usukani, akatabasamu kama bwana arusi. Muuzaji akasema fedha ikitoka leo trekta linaondoka leo. Bahati yetu fedha haikutoka siku ile, kwa kuwa benki ilikuwa imefungwa.

Kesho yake tukaenda shamba. Tulipanda vilima vya Pugu hadi Kisarawe, tukaendelea mbele. Huko tulimkuta kijana anayelitunza shamba la mzee. Ana miaka ishirini na kitu, ana mke na mtoto mchanga. Mzee akamweleza habari za trekta, na kwamba dereva atakuwa yeye. Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha badala ya kushukuru akatwambia, "Twendeni kwanza nikawaonyeshe kitu."

Akatupeleka hadi mpakani, penye mteremko wa shamba la pili. Mwaka uliotangulia mwenye shamba lile alikodi trekta kubwa limfyekee nyasi. Trekta lilikuwa limeondolewa ule upinde wa chuma unaosimama nyuma ya kiti cha dereva, kwa sababu ulikuwa ukigonga matawi ya mikorosho. Dereva alikuwa akikata mteremko kwa ubavu. Gurudumu la juu likapanda kisiki kilichofichwa na nyasi, la chini likazama katika shimo. Trekta likalala, likaviringika mara moja tu. Mara moja ilitosha. Kijana yule alikuwa miongoni mwa waliolinyanyua kumtoa marehemu.

Kisha akamgeukia mzee akauliza kwa adabu: "Baba, hilo lako likipinduka, mimi nitakuwa wapi?"

Ndugu wasikilizaji, mzee hakujibu. Mimi pia sikujibu. Katika maswali yote tuliyomuuliza muuzaji, ya bei, ya mafuta, ya rangi, swali hilo hatukuwa nalo. Na sababu yake ni rahisi: wanunuzi tulikuwa sisi, mkaaji wa kiti alikuwa mwingine.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza mafundi, na leo nataka niwagawie nilichopata.

La kwanza, anza na mlima, usianze na trekta. Sisi Watanzania tunalo somo hili tangu enzi za mkoloni. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine nyingi zilikuwa mabaki ya vita vikuu. Hata vifaru vilifanyiwa ufundi vikageuzwa matrekta. Lakini waliochagua mashine walikuwa London, na udongo ulikuwa Kongwa. Udongo ule ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na mizizi ya vichaka ilivunja zana moja baada ya nyingine. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na pauni milioni 36 hivi za walipa kodi zikawa zimekwenda na maji. Na pawatila nazo, zilizofanya kazi nzuri katika mabonde ya mpunga, zilipopelekwa kwenye ardhi kavu na ngumu nyingi ziliishia kuegeshwa. Mashine haikuwa na kosa. Ilipelekwa pasipo pake.

Kupima mlima si kazi ya mhandisi. Chukua ubao wenye urefu wa mita moja na pimamaji ya fundi mwashi. Weka ncha moja ya ubao juu ya mteremko, inyanyue ncha ya pili mpaka pimamaji iseme ubao umelala sawa, kisha pima kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Ikiwa ni sentimita 27, mteremko wako ni wa nyuzi 15, na hapo ndipo vitabu vingi vya trekta dogo la kufyekea huweka mpaka wake. Ukipita hapo, usipeleke trekta. Na hata chini ya hapo, shimo moja na kisiki kimoja hubadili hesabu yote. Sisi tulipima shamba la mzee mchana kutwa. Ekari nane zilikuwa na mteremko wa wastani. Ekari nne, zile za mitiki, zilitoka sentimita 35 mpaka 40.

La pili, ukubwa wa nguvu usikupumbaze. Fyekeo la kufungwa nyuma ya trekta, lenye upana wa mita moja na robo hivi, huendeshwa vyema na nguvu za farasi ishirini na kidogo. Likitembea kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, na ukiweka na muda wa kugeuza, ekari moja huchukua kama saa moja na nusu. Ekari nane ni kazi ya siku mbili. Sasa mwenye ekari nane, hizo farasi hamsini atazilisha nini? Trekta kubwa ni refu, linagombana na matawi, na uzito wake unashindilia ardhi juu ya mizizi ya mikorosho. Tena usishawishike kupiga haro badala ya kufyeka. Haro hukata mizizi ya mkorosho inayotambaa karibu na uso wa ardhi, na udongo wa mteremko ukiachwa uchi, mvua ya masika huuteremsha wote bondeni.

La tatu ni kinga ya dereva. Upinde ule wa chuma si pambo. Kazi yake ni kulizuia trekta lisimlalie mtu, na mkanda wa kiti humzuia asitupwe nje ya kivuli cha upinde. Vitu hivyo viwili ni mume na mke; vitumike pamoja. Sweden ilianza mwaka 1959 kuyalazimisha matrekta mapya yawe na kinga hiyo, na katika miaka iliyofuata vifo vya kupinduka vikapungua mno. Kwa shamba la miti upo upinde unaokunjwa. Unaukunja pale tu unapopita chini ya tawi, tena tambarare, na hapo mkanda unaufungua. Ukitoka chini ya tawi unausimamisha na kufunga mkanda. Matrekta mengi madogo ya zamani yanayoletwa yamekwisha kutumika hayana upinde kabisa. Muuzaji akikwambia huo si wa lazima, mwulize kama mwanawe ndiye atakayeliendesha.

La nne, angalia mambo madogo yenye uhai wa mtu ndani yake. Trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne hushikilia vizuri zaidi linaposhuka. Magurudumu yatanuliwe kadiri yanavyoruhusu. Pedali mbili za breki zifungwe pamoja mlimani, maana ukikanyaga moja trekta hugeuka ghafla. Gea ndogo iwekwe kabla ya kuanza kushuka. Na ule ugonjwa wetu wa madereva wa kushuka mlima kwa frii, ati kuokoa mafuta, uishie barabarani kama hatuwezi kuutibu. Shambani ni kaburi. Shafti ya nyuma inayozungusha fyekeo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde moja. Iwe na mfuniko wake, na asiikaribie mtu mwenye kanga, kanzu au shati linalopepea.

La tano, uliza vipuri kabla ya bei. Baadhi yenu mnayakumbuka matrekta ya Valmet ya Finland yaliyokuwa yakiunganishwa Kibaha miaka ya 1980. Kiwanda kikinyamaza, mwenye trekta hubaki na chuma. Nenda Kariakoo na namba ya injini mkononi, uliza chujio la mafuta, mkanda wa feni, sahani ya klachi. Ukiambiwa "tutakuagizia", jua kwamba nyasi hazitangoja meli.

Mwisho wa yote, mzee alifanyaje? Alichukua trekta dogo lililokwisha kutumika, la farasi ishirini na nne, la magurudumu manne ya kuvuta, lenye upinde unaokunjwa na mkanda unaofunga. Si lile alilolipenda. Zile ekari nne za mitiki amewaachia watu wawili wenye mashine za kufyekea za kubeba begani, na fedha iliyosalia ndiyo inayowalipa. Watani wake barazani wanamwambia amenunua mwanasesere. Anawajibu kwamba kweli ni dogo, lakini yule kijana hurudi kwa mkewe kila jioni.

Sikusema haya ili kila mtu akanunue trekta. Wengi wetu fedha hiyo hatunayo. Wenye mashamba ya jirani wanaweza kuungana wakawa na moja, au kukodi. Lakini hata ukikodi kwa saa mbili, mlima ni wako, visiki ni vyako na mashimo ni yako. Dereva ni mgeni asiyeyajua. Tembea naye kwa miguu kwanza. Weka kijiti chenye kitambaa chekundu penye kila kisiki. Na akija na trekta lililokatwa upinde, mrudishe, hata kama nyasi zimekufika kifuani.

Sisi wa mjini mara nyingi hatupo shambani. Tunatuma fedha kwa simu, tunatuma mbegu kwa basi, na sasa tunatuma na mashine. Ukiituma mashine, kumbuka kuna mtu atakayeikalia.