Tairi la 26 Lisiloingia

Juma hili naomba tuweke siasa kando, tuzungumze juu ya tairi la baiskeli. Najua wapo watakaocheka. Lakini kijana wa Masukulu, kule Rungwe, anayeshusha mikungu ya ndizi kwenye mteremko uliolowa mvua, hacheki. Kati yake na korongo kuna mpira usiofikia unene wa kidole.

Rungwe ni nchi ya milima na mvua nyingi. Udongo wake ni wa volkano. Ukilowa unateleza kama sabuni, na chini yake yamo mawe yenye makali. Zamani baiskeli iliyotawala huko, kama kwingineko nchini, ilikuwa ile ndefu ya 28: Phoenix ya Uchina, Raleigh ya Uingereza, Hero ya India, au Swala yetu iliyotengenezwa Dar es Salaam. Kisha zikaja zile za gia zenye matairi manene, nyingi zikiwa za mitumba. Hizo asili yake ni vijana wa California, Marekani, waliozibuni katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mchezo wa kuteremka milima kwa kasi. Wao walicheza; sisi tumepakia magunia.

Pamoja na baiskeli hizo ukaja mkanganyiko wa namba, na hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Mtu anatoka kijijini, anafika mjini, anaomba tairi la 26, anauziwa la 26. Akirudi nyumbani haliingii, au linaingia kwa urahisi wa kutia shaka. Muuzaji hakudanganya, kwani tairi limeandikwa 26 kweli. Ila ziko 26 za aina mbalimbali. Lililoandikwa 26 x 1.95, yaani kwa nukta, ni la baiskeli ya mlima, na hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 559. Lililoandikwa 26 x 1 3/8, yaani kwa sehemu, ni la baiskeli nyembamba za mjini, na rimu yake ni milimita 590. Tofauti yake ni sentimita tatu. Dogo halitapanda rimu kubwa hata ukilipiga nyundo. Kubwa litavaa rimu ndogo, litapulizwa kidogo, kisha litachomoka, na Mungu aepushe lisichomoke mteremkoni.

Kwa hiyo usiulize 26 peke yake. Tazama ubavuni mwa tairi lako la zamani, futa tope, utaona namba ndogo kama 50-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali linapokalia. Ile ya pili ndiyo isiyobadilika. Upana unaweza kuupunguza au kuuongeza kiasi, kama rimu na fremu vinaruhusu. Hata 28 ina vituko vyake: ile ya Phoenix ni 635, lakini 28 za kisasa ni 622, na zile mpya zinazoitwa 29 nazo ni 622. Nashangaa wafanyabiashara wetu hawabandiki jambo hili ukutani.

Kubadili tairi nyumbani si kazi ya kuogopwa. Mpira wa upepo wa baiskeli aliubuni daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, mjini Belfast, akapata hataza mwaka 1888. Siku hizo tairi liligandishwa kwa gundi kwenye rimu, na pancha moja ilikula saa nyingi. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, akina Michelin, wakaleta tairi la kuvuliwa na kuvalishwa. Sisi Waafrika tunakumbuka upande mwingine wa habari hiyo: kiu ya mpira iliyofuata ndiyo iliyowamwagia damu watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold.

Turudi kwenye beseni la maji. Toa upepo wote. Minya tairi pande zote ili kingo zake ziangukie katikati ya rimu, kwenye bonde. Wengi husahau hili, kisha wanapambana na bisibisi mpaka wanatoboa tyubu nzima. Mpini wa kijiko ni bora kuliko bisibisi. Anzia upande ulio mbali na vali. Tyubu ikitoka, izamishe majini uone mapovu, kausha, sugua kwa msasa, paka gundi, na ungoje. Kiraka kikibandikwa gundi ingali mbichi kitabanduka kesho. Kabla ya kurudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi, maana mwiba uliokutoboa bado umo humo. Tia tyubu upepo kidogo ili isijikunje, valisha tairi, na safari hii malizia penye vali. Kisha sukuma vali ndani mara moja, uhakikishe tyubu haikubanwa.

Juu ya kurekebisha tairi, mafundi wetu wana ujuzi wa kusifiwa. Huchukua tairi kipara, wakakata kingo zenye waya, wakalivalisha ndani ya tairi jipya ili miiba isifike kwenye tyubu. Ni dawa nzuri, ingawa baiskeli huwa nzito, na ncha za kile kipande lazima zichongwe ziwe nyembamba, la sivyo zenyewe zitakula tyubu. Goma, mashariki ya Kongo, waendesha chukudu, zile baiskeli za mbao zinazobeba shehena kwenye barabara za mawe ya volkano, hufunika magurudumu yao kwa mpira wa matairi ya zamani.

Lakini kuna rekebisho moja nalipinga. Ubavu wa tairi ukipasuka, hushonwa kwa uzi wa nailoni na kuwekewa kipande kwa ndani. Kwa gurudumu la nyuma, tambarare, mwendo wa kufika nyumbani, haya. Kwa gurudumu la mbele katika milima ya Rungwe, hapana. La nyuma likipasuka unayumba. La mbele likipasuka usukani haukusikii tena, na mzigo ulio nyuma unakusukuma. Kama una tairi moja zima na moja lililoshonwa, zima liende mbele.

Upepo nao. Kiwango kimeandikwa ubavuni. Ukibeba mzigo, gurudumu la nyuma lijae karibu na kiwango cha juu. Kwenye tope bila mzigo, punguza kidogo ili meno ya tairi yashike ardhi. Usijaze kwa mashine ya magari bila uangalifu, maana tairi la baiskeli lina nafasi ndogo na hujaa kwa sekunde chache.

Na ukishamaliza yote, inama utazame mipira ya breki. Ikipanda juu ya rimu na kugusa ubavu wa tairi, itaukata polepole kila unapofunga breki, na tairi ulilonunua jana halitamaliza msimu wa mvua. Legeza nati, shusha mpira wa breki ukae kwenye rimu yenyewe, kaza, kisha zungusha gurudumu uone kama linapita bila kugusa.