Biashara Ikidorora, Fundi Hapumziki

Msikilizaji, maisha yakibana, Kariakoo hapa Dar es Salaam huonyesha dalili mapema. Mtaa wa Kongo watu wanauliza bei na kupita. Lakini msogelee fundi cherehani pale barazani: kazi zimemjaa. Suruali iliyochanika inatiwa kiraka kwa ndani, sketi ya shule inashushwa pindo ili mtoto aivae mwaka mwingine. Mtaa wa Aggrey fundi simu anabadilisha kioo, maana mwenye simu hana fedha ya kununua mpya. Mama lishe naye anapika. Mbeba mizigo lazima ale.

Si jambo geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguo na sabuni zilipoadimika madukani, jiji hili lilisitirika kwa mikono ya mafundi. Hata hivyo, mwaka 1983 msako wa serikali ulioitwa Nguvu Kazi uliwakumba wengi waliokuwa wakijitafutia riziki mitaani, wakahesabiwa wazururaji. Lilikuwa kosa, na mwangwi wake tuliusikia tena mwaka 2021 machinga walipoondolewa barabarani.

Viongozi wa Halmashauri ya Jiji, mnapopanga mitaa, mwachieni fundi nafasi ya cherehani yake.